Rekodi Zilizokataliwa

"Pisila, usiondoke hivyo. Nitazame kwanza."

"Nikikutazama sitaondoka, Sefo. Na basi halinisubiri."

"Liache liende."

"Halafu nibaki hapa nifanye nini?"

"Ubaki unipende."

Mlangoni, Shangazi Kalolaine alipaliwa na chai. Alikohoa kikohozi cha kuangusha dari, na Fineasi akanyoosha mkono kuizima simu.

"Shangazi!" nililalamika. "Tulikuwa tunamalizia!"

"Nizibeni mdomo basi. Eti ubaki unipende! Marehemu mume wangu neno tamu kuliko yote aliyowahi kuniambia ni 'ongeza viazi'."

Fineasi alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi nilijifanya nakunja mkeka, maana uso ulikuwa unaniwaka moto.

Sefo na Pisila hawakuwa watu wa kweli. Masharti ya kazi yalikataza kutaja jina halisi la mtu au la kijiji, kwa hiyo tulijibandika hayo. Kazi yenyewe ilikuwa ya mtandaoni, ya vipande vidogo vidogo vya kufanyia nyumbani. Simu inakupa mada, wawili mnazungumza Kitonga kama watu wanavyozungumza, mnarekodi, mnatuma. Huko iendako, mtu msiyemjua anasikiliza, kisha anakubali au anakataa. Ikikubaliwa mnalipwa. Tuliambiwa kwamba mashine zinafundishwa lugha yetu.

Kaka yangu Kelepi, anayeishi Auckland, ndiye aliyeniletea. Alikuwa ameumia mgongo ghalani, naye akawa anajipatia riziki kwa kazi za aina hiyo hiyo akiwa kwake. Aliniandikia, "Dada, wanatafuta wawili wanaokijua Kitonga vizuri. Omba chumba kwa Shangazi, hakina mwangwi." Mimi mchana nilikuwa nagonga magome na wanawake wenzangu wa Kolovai, kijiji chetu huku visiwani, kutengeneza ngatu, vile vitambaa vya magome vya sherehe. Pesa ya ngatu huja watu wakioana au wakifa. Hii ya simu ingekuwa ya kujazia.

Mwenzangu alikuwa Fineasi, jirani yetu, mkulima wa viazi vikuu, aliyekuwa akicheza raga na Kelepi tangu wakiwa shuleni. Kanisani aliimba sauti ya chini kabisa, ile unayoisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Nilimchagua kwa ajili ya sauti. Ndivyo nilivyomwambia Shangazi.

"Kwa ajili ya sauti," alirudia. "Haya. Nami nitakaa mlangoni kwa ajili ya upepo."

Chumba chake kilijaa mikeka na ngatu zilizokunjwa mpaka usawa wa dirisha, na kelele zote zilimezwa humo. Nje nyundo za mbao ziligonga, nguruwe walipiga kelele. Jumapili ndiyo pekee iliyokuwa kimya.

"Si mrekodi Jumapili basi," Fineasi alitania siku moja.

"Jumapili ni ya Mungu," Shangazi alimjibu. "Hiyo mashine yenu haijabatizwa."

Mada za mwanzo zilikuwa nyepesi: chakula, kimbunga, namna ya kuoka samaki. Zote zilikubaliwa. Kisha programu ikatuletea fungu jipya, na juu yake imeandikwa: Wapenzi. Wapenzi wanaoagana. Wapenzi waliokosana. Mwanamume anaomba uchumba.

Hapo ndipo niliposhikwa. Nilikuwa nampenda Fineasi tangu zamani, kimya kimya, kama mtu anavyopenda wimbo wa kwaya nyingine. Sasa kila alasiri alikaa mbele yangu, simu katikati yetu, akaniambia maneno ambayo nilikuwa nimeyangoja miaka. Lakini aliyaambia Pisila. Simu ikizimwa anavaa kandambili zake, anasema, "Kesho, Lesieli," anakwenda shambani. Nikabaki namwonea wivu mwanamke ambaye ni mimi mwenyewe.

Na alikuwa anaondoka. Alhamisi ya wiki iliyofuata angepanda ndege na vijana wengine kwenda Australia kuchuma zabibu, miezi tisa. Nilitaka kujua jambo moja tu kabla hajapanda ngazi za ile ndege: ni nani aliyekuwa akisema, Sefo au yeye?

Rekodi ya kwanza ya wapenzi ilirudi siku ya pili yake. Imekataliwa.

"Ni kikohozi cha Shangazi," nilisema.

"Haya, mnisingizie," alisema Shangazi. "Leo nitakunywa maji."

Tukarudia, safi, hata nzi hakusikika. Imekataliwa. Tukajaribu ya waliokosana. Imekataliwa. Haikueleza sababu.

Nilimwandikia Kelepi: "Kaka, rekodi zetu zinakataliwa zote. Hebu tuulizie."

Kelepi, ambaye hujibu kabla hujaweka simu chini, hakujibu. Kesho yake ikaja moja: "Jaribuni mada nyingine dada. Za kilimo ni nzuri."

"Za kilimo zimekwisha," nilimwandikia. Akanyamaza.

Jumatatu, Fineasi alikaa akiitazama ile orodha ya rekodi, alama nyekundu tupu za kukataliwa.

"Labda mashine inajua naongopa," alisema.

"Unaongopa?"

"Sefo haongopi."

"Nimekuuliza wewe."

Alishika ukingo wa mkeka akaanza kuchomoa uzi. Shangazi, huko mlangoni, aliacha hata kujipepea.

"Lesieli, Kelepi ni rafiki yangu," alisema mwishowe. "Ndiye anayewalisha hapa nyumbani. Nimekula kwenu, nimelala kwenu. Mtu akimtazama dada wa rafiki yake kwa jicho la pili, atamwambiaje kaka mtu?"

"Sijakuuliza habari za Kelepi."

"Najua hujaniuliza."

"Basi nijibu."

Aliichukua simu, akafungua mada ya mwisho iliyobaki, mwanamume anaomba uchumba, akabonyeza kurekodi, akaiweka katikati.

"Lesieli," alisema.

Nilishtuka. "Fineasi, umetaja jina!"

Aliizima, akaifuta, akaanza upya, safari hii akijiwekea kidole mdomoni ili ninyamaze.

"Mimi ni Fineasi, mwana wa Mosese, wa Kolovai," alisema, polepole, kama anayesoma kanisani. "Ninayezungumza naye ni Lesieli. Najua majina hayaruhusiwi na kwamba hii itakataliwa. Zote zinakataliwa, basi hii ikataliwe kwa sababu ya kweli. Alhamisi ninaondoka. Kila neno alilolisema Sefo katika chumba hiki nilimkopesha mimi. Lesieli, nikirudi, nataka kukuoa. Nakuomba uningoje."

Sasa ilikuwa zamu yangu, na simu ilikuwa inahesabu. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya Pisila chungu nzima, ila langu mwenyewe halikutoka hata moja. Nilisikia nyundo za magome nje na pumzi ya Shangazi. Nikaanza kulia. Muda ukaisha, simu ikalia, ikaituma rekodi yenyewe.

Fineasi alinitazama kidogo, kisha akainama kuchukua kandambili zake.

"Si kitu," alisema. "Usilie. Si kitu, Lesieli."

"Fineasi..."

Alikuwa ameshatoka. Shangazi alimwangalia mpaka alipopotea nyuma ya banda la kuokea, halafu akanigeukia.

"Mtoto wa kaka yangu," alisema, "umezungumza wiki mbili na hewa. Leo mtu amekuja, umekuwa bubu?"

Nilijifunika ngatu usoni kama mtoto. Jioni ile nilimwandikia Fineasi ujumbe, nikaufuta, nikaandika mwingine, nikaufuta. Neno la namna ile unaliandikaje kwenye simu, kando ya salamu na bei ya mafuta ya taa?

Jumanne asubuhi, simu ya Shangazi iliita. Alikuwa Kelepi. Nilikuwa uani nikiloweka magome, na Shangazi huongea na simu kana kwamba Auckland iko ng'ambo ya uwanja.

"Unasemaje? Nani anasikiliza? ... Wewe? ... Mungu wangu! Wewe ndiye unayezikataa?"

Niliacha magome majini.

"Kelepi, mwanangu, ongea taratibu. ... Ndiyo. ... Ndiyo, naelewa. Hapana, hayupo karibu." Alinitazama machoni akasema hivyo.

Alipomaliza alikaa chini kwenye gogo, akacheka, akafuta machozi kwa upindo wa nguo, akacheka tena.

"Watu wanaohakiki Kitonga huko kwenye kazi yenu ni wachache," alisema. "Na wa zamu zenu ni mmoja. Kaka yako. Za kimbunga na samaki alizikubali, anacheka peke yake. Siku alipoisikia sauti yako ikisema 'mpenzi' anasema alizing'oa hedifoni kama zimemchoma. Akakataa. Kila akisikia ni mapenzi, anakataa kabla hajasikia la pili."

Nilikaa chini palepale, kwenye tope. Mtu wa kwingine angeshangaa. Mimi nilimkumbuka Kelepi alivyokuwa sebuleni kwetu, filamu ikifika mahali pa watu kubusiana, akisimama ghafla kwenda kutazama nguruwe ambao walishalishwa. Kaka na dada hawasikilizi pamoja maneno ya mapenzi. Hata kuniandikia sababu asingeweza, maana sababu yenyewe ni maneno hayohayo. Ndiyo maana aliniambia kilimo.

"Kwa nini amekupigia leo?" niliuliza.

"Kwa sababu hii ya jana haikuanza na mapenzi. Ilianza na Fineasi akijitaja jina. Kelepi akadhani ni habari za kilimo, akasikiliza." Shangazi aliniinamia. "Ameyasikia yote mpaka 'nakuomba uningoje'. Halafu akajua anayefuata ni wewe, akazing'oa hedifoni. Sasa hajui ulimjibu nini. Hawezi kusikiliza, na hawezi kukuuliza. Kaniambia nikuulize mimi."

"Sikujibu. Ulikuwepo, Shangazi."

"Najua nilikuwepo! Kaka yako anangoja, na yule kijana anafunga begi akijua amekataliwa. Unataka nini, Lesieli? Usilie, nitakupiga na hii nyundo."

"Namtaka Fineasi," nilisema.

"Sauti!"

"Namtaka Fineasi!"

Wanawake waliokuwa wakigonga magome walisimamisha nyundo wote kwa pamoja, kisha mmoja akapiga kigelegele, na aibu yangu ikaishia hapo.

Shangazi akishasema, kwetu hakuna wa kupinga. Alituma neno kwa kina Mosese, na Jumatano Fineasi alikuja na mjomba wake wakiwa wamefunga mikeka viunoni kwa heshima, wamebeba mzizi mkubwa wa kava, wa kutengenezea kinywaji cha posa. Waliketi. Simu ya Shangazi iliwekwa kando ya bakuli la kava, Kelepi akiwa hewani, akaitikia salamu zote kama mkuu wa nyumba. Fineasi hakuinua macho.

Mjomba alisema yake, akamaliza, "Tunaomba sasa kulisikia neno la binti."

"Ngoja," alisema Shangazi. "Kelepi, kata simu."

"Nimekata, Shangazi."

"Mbona nakusikia?"

Chumba kizima kilicheka. Fineasi naye alicheka, ndipo akaniangalia. Shangazi aliikata mwenyewe, akaifunika na ngatu kwa tahadhari.

"Fineasi," nilisema, "nenda ukarudi unioe. Nitakungoja."

Alishika uso wake kwa viganja vyote viwili, na mjomba akampigapiga mgongoni kama anayemtoa mwiba wa samaki kooni.

Shangazi alipiga simu tena. "Amekubali."

Tulisikia Kelepi anapenga kamasi. "Asante, Shangazi," alisema. "Basi. Usinisimulie zaidi."

Miezi tisa ile ilikuwa mirefu. Fineasi aliniandikia kutoka shambani: "Zabibu ni tamu siku ya kwanza tu. Wewe ukoje?" Nami nilimjibu: "Shangazi anauliza kama utarudi mnene." Kumpigia ilikuwa shida, kwani huko wengi walilala chumba kimoja. Nilijifunza kuishi na mtu niliyemsoma tu, nikijitungia sauti yake kichwani. Alirudi mweusi kwa jua, na tulioana kabla ya Krismasi. Kelepi alikuja, akacheza karamuni mpaka mgongo ukamkumbusha, na wakati wa kubusiana alikwenda kutazama nguruwe.

Mwaka jana, viazi vikuu vikivunwa, ugonjwa wa figo ulimchukua Fineasi.

Hatukuwa watu wa kujirekodi. Nilitafuta sauti yake kila mahali nikakuta rekodi za kwaya tu, ambamo amezama chini ya wenzake wote. Nikakumbuka ile programu. Nilifungua akaunti yangu ya zamani. Zilizokubaliwa zimechukuliwa, hazisikilizwi tena, majina ya mada tu ndiyo yamebaki. Zilizokataliwa zimefutwa.

Siku za maombolezo Kelepi alikuja, akakaa nje na wanaume kama inavyostahili. Alimtuma Shangazi. "Mwambie dada, ningejua, ningezisikiliza zile rekodi na kuzihifadhi."

"Mwambie asingeweza," nilisema. "Mwambie najua."

Kwa hiyo mahali fulani kuna mashine iliyojifunza kwa Fineasi namna ya kusema samaki, kimbunga na viazi vikuu. Huenda inavisema vizuri sana. Mapenzi hakuifundisha. Hayo aliniambia mimi.