Kinyozi na Choo Cheusi

Kinyozi mmoja alikuwa na ulimi mkali kuliko mashine yake ya kunyolea, ndiyo maana watu walimwita Wembe. Asubuhi hadi jioni alisimama nyuma ya kiti. Alinyoa vichwa, alichonga ndevu, aliwapaka wazee rangi nyeusi ya nywele ili warudi ujanani. Kukaa hakai. Kula hali, mpaka foleni iishe. Na foleni ya Wembe haikuwa na mwisho.

Jioni miguu na mgongo vilimuuma. Alinunua dukani vidonge vya maumivu, akavimeza kwa soda, tumboni hamna kitu. Maumivu yakatulia. Kesho yake akameza tena, na keshokutwa, ikawa mazoea.

Baada ya wiki chache tumbo likaanza kumwaka, hapa kwenye chembe cha moyo. Wembe alifanya nini? Alimeza kidonge cha maumivu! Kidonge ndicho kilichomuumiza, naye akajitibu kwa kidonge kilekile. Ningekuwepo ningempokonya.

Asubuhi moja alitoka chooni ameduwaa. Choo chake kilikuwa cheusi tii, kinanata kama lami, na kinanuka vibaya kuliko kawaida. Akawaza na kuwazua. Mwishowe akapata jibu la kinyozi: "Ni ile rangi ya nywele. Imeniingia mwilini."

Basi akanunua glavu. Akavaa barakoa. Akanywa maziwa mengi ili kuiosha rangi tumboni. Choo kikabaki cheusi vilevile.

Mkewe hakuambiwa lolote, lakini macho anayo.

"Baba watoto, mbona hutulii? Unakaa, unasimama, unakaa. Una nini?"

"Sina kitu."

"Asiye na kitu hashiki tumbo."

"Nawe! Hebu niache kidogo."

"Kidogo hicho nimekuacha wiki nzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Wembe alicheka, akaenda kazini. Mkewe alibaki akifagia palepale alipokwisha kufagia. Alikuwa na hofu ya kumpoteza mumewe, na hakujua aanzie wapi.

Siku hiyo kwenye kiti alikaa muuguzi, jirani yao. Wembe alimnyoa upande wa kulia, akahamia wa kushoto. Ghafla jasho baridi likamtoka. Kioo kikaanza kuzunguka. Mashine ikamponyoka, ikaanguka sakafuni.

Muuguzi aliruka, akamdaka, akamlaza kwenye benchi. Wateja wakasogea.

"Ndugu yangu, mikono yako ni ya baridi. Midomo imepauka. Choo chako kikoje?"

"Ah! Swali gani hilo mbele za watu?"

"Jibu."

Wembe akamnong'oneza: "Cheusi. Lakini najua sababu, ni rangi ya nywele."

"Unameza dawa gani?"

"Vidonge vya mgongo tu. Kila siku."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Wembe, hiyo si rangi. Hiyo ni damu yako."

"Damu ni nyekundu bwana!"

"Ikitoka kidoleni, ndiyo. Sikiliza. Chakula hutoka mdomoni, hupita kooni, huingia tumboni. Tumboni mna asidi kali inayosaga chakula. Tumbo lina utando wa kulilinda, asidi isilichome. Vidonge vile, ukivizoea, hudhoofisha utando huo. Asidi inachimba kidonda. Kidonda kikivuja, damu husagwa kama chakula. Hupita utumbo mdogo, hupita utumbo mpana, na hadi inatoka imekuwa nyeusi."

Wembe akajaribu kuinuka.

"Basi kesho nitakwenda hospitali. Leo nina watu."

"Kesho? Tunakwenda sasa hivi."

"Na kichwa chako? Nimekinyoa nusu!"

"Nywele zitasubiri. Damu haisubiri."

"Muuguzi, vaa hata kofia basi," alisema mzee mmoja. Muuguzi hakumsikia. Alikuwa barabarani tayari, nusu kichwa kipara, anasimamisha gari.

Hospitali Wembe alitundikiwa maji, kisha akaongezewa damu. Daktari aliingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni, akakiona kidonda na kukizuia kisivuje. Vipimo vilionyesha pia bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hao nao husababisha vidonda vya tumbo.

"Utapewa dawa ya kuwaua," alisema daktari. "Uimalize yote, hata ukijisikia mzima. Sigara na pombe, kama unatumia, uache. Vidonge vya maumivu usimeze tena bila kutuuliza."

"Na maziwa?"

"Yanapoza kwa muda tu. Hayaponyi."

Mkewe alikuja mbio, kandambili za rangi mbili miguuni.

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliona aibu. Na sikutaka kukutia hofu."

"Hofu ningeibeba, mume wangu. Ujane ningeubebaje?"

Wembe, mwenye majibu ya kila mtu, akamshika mkono mkewe.

Aliporudi kazini alinunua kigoda kirefu, akawa ananyoa amekaa, na mgongo ukapata nafuu. Mchana alikula, na foleni ikamsubiri. Hakuna mteja aliyekufa kwa kusubiri.

Alipewa pia vidonge vya kuongeza damu. Muuguzi aliwaonya yeye na mkewe: "Hivi navyo hutia choo weusi, msishtuke. Lakini kikinata kama lami, au akipata kizunguzungu, mrudi hospitali haraka."

Mkewe hakutulia. Kila asubuhi alisimama nje ya mlango wa choo.

"Je?"

"Bado cheusi."

Vidonge vikaisha. Siku chache baadaye Wembe aliwahi kazini, mkewe akiwa bado amelala. Mkewe alipoamka alimfuata mpaka kwenye duka lake la kunyolea. Wateja walikuwa wamejaa. Akasimama mlangoni, akihema.

"Umeondoka bila kuniambia. Choo cha leo rangi gani?"

Watu wakaangalia sakafu. Wembe akazima mashine.

"Kahawia, mke wangu!" alisema kwa sauti. "Kahawia safi!"

Duka zima likapiga makofi. Mkewe akaketi kwenye benchi la wateja, akacheka huku machozi yakimtoka. Siku hiyo hakuwa na haraka ya kuinuka.