Gauni la Manjano Kutoka Guangzhou

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, Mkenya, na ninaishi Maplewood, Minnesota. Kazi yangu ni kuwaogesha na kuwalisha wazee kwenye makao yao. Jumapili baada ya ibada nafungua buti ya gari na kuwauzia kina mama nguo. Yaliyonipata nimeyameza karibu mwaka mzima. Leo nayatapika!

Nilikuwa na mume. Nitamwita Joseph, ingawa hilo ni jina zuri mno kwake. Aliendesha forklift kwenye ghala moja kule Eagan, na hakuwahi kuniinulia mkono wala sauti. Mngemwona mngesema nimebahatika. Tulichokosa ni mtoto tu. Mimba zilinitoka moja baada ya nyingine... Ya mwisho nilikuwa nimeanza hata kuiimbia.

Mchungaji alitushauri tununue kitu cha mtoto kwa imani, hata soksi. Joseph alikataa. Akasema haraka ya nini? Hilo neno lishikeni.

Basi, nikaamua kupanua biashara yangu. Badala ya kulanguliwa na watu wa hapa, niende mwenyewe Guangzhou, huko China nguo zinakotoka. Joseph akasema hawezi kuniacha niende peke yangu. Jamani, nilivyojivuna kwa kina mama! Nani mwingine mumewe angemaliza likizo yake kumbebea mifuko?

Soko lile ni mtaa mzima. Jengo baada ya jengo, ghorofa juu ya ghorofa, na kila kibanda kimejaa nguo hadi darini. Mikokoteni inakugonga visigino. Utepe wa gundi wa kufungia mizigo unalia kraa, kraa, kila upande. Muuzaji anakula tambi kwa mkono mmoja na kukuonyesha bei kwenye kikokotoo kwa mkono wa pili. Aliyetuongoza ni Mama Neema, Mtanzania anayeishi huko akiwasaidia wafanyabiashara wageni. Jambo la kwanza alilotufundisha ni kwamba hapo hakuna kununua nguo moja. Unauziwa pakiti nzima, nguo ile ile, saizi ndogo hadi kubwa.

Siku ya pili nilikuwa nachagua blauzi. Kugeuka hivi, Joseph hayupo! Nilimkuta kibanda cha mbele, cha nguo za watoto, ameshika gauni la manjano lenye vifungo vya umbo la bata. Alikuwa akimsihi binti muuzaji amuuzie moja tu. Binti anatikisa kichwa. Joseph akaweka kiganja chake pajani, kumwonyesha mtoto anafika wapi. Akafikiri kidogo, akakishusha kiasi cha upana wa kidole.

Binti alikataa katakata. Mwishowe mume wangu, mtu wa kulalamikia hata bei ya maji ya kunywa, akanunua pakiti nzima!

Mama Neema alinivuta kando.

"Dada, samahani kwa kuingilia yasiyonihusu," akaniambia. "Nimekaa sana hapa. Anayeomba nguo moja kwenye soko la jumla, ana mtu wake kichwani."

"Ndiyo, anaye," nikamjibu, machozi yakinilengalenga. "Ni mtoto tunayemwombea."

Akasema amina kwa sauti ndogo, tukaendelea na blauzi.

Tuliporudi hotelini nilimwona Joseph akitoa gauni moja kwenye ile pakiti na kulisukuma chini ya mashati yake. Sikuuliza. Niliingia bafuni, nikafungua maji, nikalia kwa furaha. Kumbe mume wangu anaamini kuliko mimi!

Nyumbani nikafanya ujinga unaoniunguza hadi leo. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda! Nikaeleza soko, nikaeleza gauni, nikaeleza machozi yangu ya bafuni. Joseph aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni unyenyekevu. Watu walishangilia, na aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Lydia.

Lydia ni nani? Ni dada wa kwaya, anaishi Inver Grove Heights, na anamlea binti yake peke yake. Alituambia baba ya mtoto yuko Kenya anangoja visa. Alipokuwa mjamzito, mimi ndiye niliyemwandalia sherehe ya kumkaribisha mtoto, nikanunua nepi na kitanda. Mtoto akaitwa Wambui. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Mama mkwe wangu naye ni Wambui, basi nikamtania Lydia kwamba ameniletea mama mkwe hadi Minnesota! Tulicheka sana. Kina Wambui ni wengi, ningejuaje?

Majuma machache baada ya ule ushuhuda, nilikuwa napanga mzigo wangu nikayaona magauni ya manjano yaliyobaki. Nikamkumbuka Wambui mdogo. Saizi yake ndiyo iliyokosekana, kwa hiyo nikachukua inayofuata, atakua ndani yake. Wasomaji, hata hapo sikuona kitu! Niliendesha gari hadi kwa Lydia huku nikiimba.

Mtoto alifungua mfuko, akalitazama gauni, akacheka. Akaniambia kwa Kiingereza, maana watoto wetu huku Kiswahili wanakisikia tu, kwamba gauni hilo analo. Nikadhani anachanganya. Akakimbia chumbani, akarudi nalo. La manjano. Vifungo vya bata, na bata mmoja tayari ameng'oka. Dadi ndiye aliyemletea kutoka China, akasema.

Nilimtazama Lydia. Hakukana.

"Please, sister," akasema, "tusiongelee hii mbele ya mtoto."

Mbele ya mtoto! Na alipokuwa akinipigia makofi, alikuwa mbele ya nani?

Joseph aliporudi kutoka kazini nilimuuliza swali moja tu, Wambui ni wa nani. Alikaa chini bila hata kuvua koti.

"Nilikuwa na-plan kukuambia," akasema. "Mum alikuwa ana-push sana. Alitaka mjukuu wa jina lake. Ningefanya nini?"

Kumbe mama mkwe alijua! Yule yule aliyekuwa akinipigia simu kila wiki kuniambia nivumilie, Mungu hachelewi. Picha za mjukuu alikuwa nazo tangu siku ya kwanza. Na pale kanisani pia, nimekuja kuambiwa, kuna waliojua wakati nikitoa ushuhuda. Waliniacha niseme hadi mwisho! Joseph alihamia kwa Lydia, Inver Grove Heights, kabla theluji haijaanguka.

Sasa naelewa ile "haraka ya nini", na naelewa nilichokiona sokoni. Mtoto wa kuombewa hana kimo! Hajulikani ni wa kike au wa kiume, wala anafika wapi. Lakini mume wangu alipima pajani mwake, akajisahihisha hata kwa upana wa kidole. Nilisimama pale, nikaona kwa macho yangu mawili, nikachagua kukiita muujiza.

Dada zangu, kikulacho ki nguoni mwako. Ombeni, fungeni, aminini, sikatazi. Lakini ukiona jambo, liulize siku hiyo hiyo. Mgeni akikuvuta kando kukuambia neno, usikimbilie kumjibu. Mgeukie mumeo pale pale umuulize, gauni hili ni la nani? Ningeuliza, ningelia Guangzhou nisikojulikana na mtu, si kujianika madhabahuni. Nawasihi, msipite nilipopita mimi!

Kanisa sijahama. Kwa nini nihame mimi? Na mtoto simchukii, hana kosa. Jumapili iliyopita alipita mbele yangu akikimbia, amevaa lile gauni kubwa nililompelekea mimi. Lilikuwa linamtosha.