Jino la Mama Pacha

Seremala alikuwa akipiga randa barazani kwake. Wanawake wa mtaa walipita kimya. Zamani walikuwa wakimtania. Siku hizi walimkata jicho, wakaenda zao.

Alijua sababu. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa na kovu la moto mkononi na uvimbe kwenye paji la uso. Jino moja la mbele halikuwepo. Mtaa mzima ulisema: fundi anampiga mkewe.

Hakuwa akimpiga. Mama Pacha alikuwa na kifafa. Lakini alimwapisha mumewe asiseme.

"Wakijua, nani atakula chakula changu? Nani atacheza na wanetu? Bora waseme unanipiga."

Basi fundi akanyamaza. Alipiga randa ameinama, kama mtu anayetafuta sindano.

Siku hiyo jirani yao, muuguzi wa zahanati, alikuja kuchukua stuli yake. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko msumeno.

"Mama Pacha, jino limekwenda wapi?"

"Niligonga mlango," Mama Pacha alijibu, amejiziba mdomo.

"Mwezi uliopita jiko, juzi ukuta, leo mlango. Nyumba gani hii yenye ugomvi hivi?" Akamgeukia fundi. "Na wewe baba, nyundo ni ya misumari. Umesikia?"

Fundi akaweka randa chini. Kabla hajajibu, Mama Pacha alikakamaa, akaanguka. Mwili ukaanza kutikisika. Kichwa kiligonga mguu wa benchi.

Fundi akakimbilia ndani, akarudi na kijiko.

"Weka chini hicho kijiko!" muuguzi alisema.

"Atameza ulimi!"

"Hakuna mtu anayemeza ulimi. Usimtie kitu mdomoni. Vuta benchi! Ondoa patasi! Lete koti lako!"

Muuguzi akaweka koti chini ya kichwa cha mgonjwa. Akamlegeza nguo shingoni. Hakumkandamiza. Alitazama saa tu. Mtikisiko ulipokoma, akamlaza ubavu ili mate yatoke.

"Dakika mbili," alisema. "Zikizidi tano, au kifafa kikirudi kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Na usimpe hata maji mpaka azinduke kabisa."

Kisha akakitazama kijiko. Mpini ulikuwa na alama za meno.

"Fundi. Lile jino..."

Fundi alikaa chini, juu ya maranda. Miezi yote hiyo alijiona mtu safi aliyesingiziwa.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nilidhani namwokoa."

"Hukujua. Sasa umejua. Na mimi nimekutukana bure." Muuguzi akafikiri kidogo. "Nusu bure."

Kesho yake walikwenda zahanati pamoja. Mama Pacha akaanza dawa. Aliambiwa ameze kila siku, na asiache bila kumwuliza daktari, hata akijiona mzima. Aliambiwa pia asipike akiwa peke yake.

Fundi naye alishika kazi. Aling'oa komeo la bafuni, ili mlango usifungwe kwa ndani. Akalizungushia jiko fremu imara. Kisha akapiga randa pembe za meza, za kitanda na za kabati, mpaka zikawa za mviringo.

Kazi ngumu zaidi aliifanya Mama Pacha mwenyewe, bombani, mbele ya wanawake wote.

"Nina kifafa. Hakiambukizi, hata kwa mate. Mume wangu hajawahi kunipiga."

Mmoja akauliza, "Na hilo jino?"

"Hilo alilivunja yeye. Kwa kijiko."

Fundi alisikia yote kutoka barazani. Uso ulimwaka. Lakini asubuhi iliyofuata wanawake walipita wakamwita, "Daktari wa meno, hujambo?" Akainua kichwa, akaitikia.

Kifafa kilipungua, ingawa hakikuisha. Siku moja Mama Pacha alianguka kando ya meza. Alipozinduka, koti la mumewe lilikuwa chini ya kichwa chake. Hakuwa na jeraha. Akajipapasa mdomo.

"Yote yapo?" aliuliza.

"Yapo yote niliyokuachia," fundi akajibu.