Karatasi Iliyolowekwa Chai

Kila asubuhi kabla ya hesabu, watoto wa darasa la Bi Ormerod walisimama nyuma ya madawati yao wakaimba wimbo wa taifa, na mwaka ule wa kwanza wa malkia mpya hakukosekana mtu wa kuchapwa. Mfalme alikuwa amefariki mwezi wa Februari. Wimbo ulibaki uleule, ila pale walipozoea kumwombea mfalme sasa walipaswa kumwombea malkia, na ulimi wa mtoto hauachi upesi ulichozoea. Bi Ormerod alipita katikati ya madawati na rula yake ya mbao, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Akisikia "mfalme", rula inashuka kwenye vidole.

Beryl Haslam alichapwa mara tatu. Baada ya hapo hakukosea tena. Hata ungemwamsha usingizini angesema malkia.

Beryl alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake hakurudi kutoka vitani, kwa hiyo aliishi na mama yake, mfumaji katika kiwanda cha pamba cha Calderby, pamoja na Babu Amos, mzazi wa baba yake. Babu alipuliza tarumbeta katika bendi ya mji kwa miaka thelathini na minane, mpaka vumbi la pamba likamkaa kifuani na pumzi ikawa haba. Bwana Kershaw, muuza nyama, ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi. Alimwambia, "Amos, pumzika sasa," akachukua tarumbeta, maana ilikuwa mali ya bendi. Koti jekundu la bendi hakuna aliyelidai. Lilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na kila Jumamosi Beryl alisugua vifungo vyake vya shaba kwa siki na chumvi.

"Mnavisafisha ya nini?" mama aliuliza.

"Vifungo havijui kama nimestaafu," Babu alijibu.

Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata, wiki chache kabla ya malkia kutawazwa, Bi Ormerod aliweka rula mezani akatangaza shindano. Kila mwanafunzi aandike historia ya wimbo wa taifa. Atakayeshinda atapanda jukwaani siku ya sherehe, mbele ya mji mzima, kusoma alichoandika.

"Andikeni ukweli," alisema. "Hata ukiwa mfupi."

Beryl alikwenda maktaba akainamia kitabu kizito mchana kutwa. Kilisema kwamba mwaka 1745 majeshi ya mfalme yalishindwa huko Uskoti, na watu wa London wakaingiwa na hofu. Basi mwezi wa Septemba, katika jumba moja la michezo, waigizaji walisimama mwisho wa mchezo wakaimba wimbo wa kumwombea mfalme. Watu walishangilia mno, na majumba mengine yakaiga. Na aliyeutunga? Hajulikani. Wengi wamedaiwa kuutunga, hakuna aliyethibitishwa.

Beryl alifunga kitabu kwa kishindo, mtunza maktaba akamkodolea macho.

"Hajulikani!" alinung'unika njiani. "Nani atashinda kwa 'hajulikani'?"

Jioni ile mama alikuwa bado kiwandani na Babu amelala kwenye kiti chake. Beryl alichana ukurasa mtupu wa mwanzo wa kitabu cha zamani cha nyimbo za kanisa. Akachovya kalamu akaandika kwa mwandiko wa kujipinda: *Mimi, Josiah Haslam, mpiga fidla, leo tarehe ishirini Septemba 1745, nimemaliza wimbo wa kumwombea malkia wetu.* Kisha akalaza karatasi kwenye sahani, akaimwagia chai iliyobaki kwenye birika, akaikausha kwenye mlango wa jiko la makaa mpaka ikajikunja pembeni.

Kesho yake alimwonyesha Babu kwanza. Mzee alivaa miwani, akaishika kwa mikono miwili.

"Umeipata wapi?"

"Ndani ya kitabu cha nyimbo, Babu. Ilikuwa imejificha kwenye jalada."

Babu alipitisha kidole juu ya jina. "Mpiga fidla," alisema hatimaye. "Kumbe muziki wangu haukutoka hewani."

Bi Ormerod aliisoma akaipeleka kwa mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akampelekea Bwana Kershaw. Hakuna aliyeona kasoro. Mwaka ule macho ya watu yalijaa malkia: malkia kwenye vikombe, malkia kwenye makopo ya biskuti, malkia kwenye kila dirisha. Bwana Kershaw aliitia karatasi kwenye fremu akaiweka dirishani mwa bucha lake, kati ya soseji na kichwa cha nguruwe. Jioni alikuja mwenyewe kwa kina Haslam.

"Amos, ndugu yangu, siku ya sherehe utaongoza wimbo wewe. Wimbo wa ukoo wenu, nani mwingine ataushika?"

Babu alilivaa koti, likamning'inia mabegani kama limeazimwa. Mama akalipunguza mishono ya ubavuni. Kila asubuhi Babu alisimama jikoni na kijiko cha mbao, akaongoza bendi isiyoonekana, akikohoa kila baada ya mistari miwili. Beryl alimtazama huku uji ukipoa mbele yake. Angeweza kusema wakati ule. Hakusema.

Ilipobaki siku kumi, Jumamosi, foleni ya akina mama ilifika nje ya bucha. Beryl alikuwa ameshika kikapu cha Babu. Clifford Entwistle, aliyekaa dawati la nyuma yake, alibandika pua yake kwenye kioo cha dirisha.

"Jamani," alisema kwa sauti, "hivi 1745 kulikuwa na malkia gani?"

"Acha utundu, Clifford," mama mmoja alisema.

"Si utundu. Soma hapo. 'Malkia wetu.' Na kitabu kinasema alitawala mfalme. Ningeandika hivyo mimi, ningebaki na vidole?"

Mtu mmoja akacheka, kisha mwingine. Bwana Kershaw alitoka na aproni yake yenye damu, akaifungua fremu, akainua karatasi kwenye mwanga. Halafu akaileta puani.

"Inanuka chai," alisema.

Babu alipokea karatasi. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, mpaka kikasimama. Kisha akamtazama Beryl. Beryl alitazama viatu vyake.

"Nimeiandika mimi," Babu alisema. "Mtoto hajui lolote."

Hapakuwa na kelele. Akina mama walisogea kidogo tu, wakaacha nafasi kumzunguka, kama mtu aliyekanyaga uchafu. Bwana Kershaw aliikunja karatasi akaitia mfukoni. "Sikutegemea hili kwako, Amos," alisema, akarudi kuhudumia wateja.

Siku zilizofuata mtu aliandika kwa chaki kwenye mlango wao: *Hapa anakaa mtunzi.* Shuleni Clifford na wenzake walijifanya wanapiga fidla kila Beryl akipita. "Hee, mjukuu wa Josiah! Tutungie na wimbo wa soseji!" Wazee wa benchi la mbele ya kanisa walinyamaza Babu alipokaribia, naye akaacha kwenda. Beryl alipochukua chupa ya siki, Babu alisema neno moja tu: "Acha."

"Babu, kwa nini ulisema ni wewe?"

"Mimi nimebakiza siku chache za kuitwa mwongo. Wewe unazo nyingi."

Beryl hakumaliza chakula chake. Jumatano, bendi ilipokuwa ikifanya mazoezi katika ukumbi wa kanisa, aliingia katikati ya wimbo. Tarumbeta zilinyamaza moja baada ya nyingine.

"Karatasi ni yangu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Niliichana kwenye kitabu, nikailoweka chai. Babu aliiamini kama ninyi mlivyoiamini. Mwongo ni mimi."

Bwana Kershaw alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Jioni hiyohiyo alisimama mlangoni kwa kina Haslam na wanabendi wanne nyuma yake.

"Amos, tumekukosea. Kijiti cha kuongozea bendi ni chako. Siku ya sherehe utaongoza kama tulivyosema."

Babu hakuinuka kitini. "Kershaw, nilipuliza miaka thelathini na minane. Nilipuliza kwenye maziko ya baba yako, theluji ikiwa magotini. Hukuniita kwa hayo. Uliniita kwa karatasi. Karatasi imekufa, mwaliko wake nao ufe."

"Amos, usiwe hivyo, bwana."

"Funga mlango vizuri. Baridi inaingia."

Walipoondoka, mama alianza kulia kimya kimya huku akiosha vyombo. Babu alimwita Beryl karibu.

"Ungeniuliza," alisema. "Nilikuwa hapa hapa. Mwaka wa 1916 nilikuwa kwenye mahandaki ya vita. Asubuhi moja ya Januari tukasikia Wajerumani upande wa pili wakiimba wimbo wetu. Tulidhani wanatudhihaki. Sajenti akatuambia: ni siku ya kuzaliwa ya mfalme wao, nao wana wimbo wa kumtukuza kwa mahadhi hayahaya. Tukasikiliza hadi mwisho. Kisha tukaendelea kupigana risasi."

Beryl aliandika upya usiku uleule, maneno hayo yakiwa hayajapoa: Uskoti, jumba la michezo, mtunzi asiyejulikana, na Wajerumani wa Januari. Bi Ormerod alisoma mara mbili.

"Hii ingeshinda," alisema. "Lakini jina lako limefutwa kwenye shindano, na halitarudishwa." Akaitazama rula yake mezani. "Nami nina kosa langu. Nimewachapa mwaka mzima kwa neno moja, na lilipokuja mbele ya macho yangu sikuliona."

Siku ya sherehe ilinyesha tangu alfajiri, mvua baridi iliyopiga kwa upande. Clifford alisoma jukwaani maneno aliyonakili kutoka kitabu cha maktaba, nukta kwa nukta, akapigiwa makofi. Bendi ikasimama, Bwana Kershaw akainua kijiti. Mji mzima ulivua kofia. Babu alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, katika koti lake la kawaida la kijivu, maji yakimtiririka kwenye kipara. Beryl alimshika mkono wa kushoto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani, na vidole vitatu vilibonyeza, vikaachia, vikabonyeza, kana kwamba ameshika tarumbeta, kila noti mahali pake.

Wimbo ulipokwisha Babu alikohoa mpaka akajishika ukutani. Kisha akasema, bila kumtazama:

"Unaona watu wote hawa, Beryl? Wameloa kwa ajili ya wimbo usiojulikana nani aliyeuzaa. Kutojua si aibu. Ukifika mahali usipojua, andika kwamba hujui, kisha nenda ukaulize. Uongo unaoziba mahali hapo haukuumizi wewe peke yako. Unamwangukia aliye karibu nawe. Mimi kijiti sitakishika kamwe maishani. Usisahau hilo, wala usilie. Likumbuke tu."

Beryl hakulia. Walirudi nyumbani polepole, kwa sababu ya kifua chake, wakisimama kila nguzo ya taa. Kwenye nguzo ya tatu Beryl aliuliza.

"Babu, wale Wajerumani, waliimba vizuri?"

Babu alingoja pumzi imrudie.

"Vizuri kutushinda," alisema. "Ndicho kilichotuuma."