Kifurushi cha Anko Sajeev

Kila jioni, akishamaliza kazi za shule, Neeraja aliteremka uani na raketi yake. Anko Sajeev, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akimngoja chini ya taa, na walicheza badminton mpaka mama aite kutoka dirishani. Anko Sajeev hakuwa ndugu yao wa damu. Alitoka Kannur, mji wa jimbo la Kerala huko India, kama wao tu, na katika jengo lile la Muscat, Oman, lililojaa watu wa Kerala, hilo lilitosha kumfanya mtu wa nyumbani. Tena yeye ndiye mtu mzima pekee aliyemwita Neeraja "bingwa" bila kumtania.

Siku ya kufunga mizigo hapakuwa na mchezo. Likizo ilikuwa imefika, na Neeraja na mama yake walikuwa wanasafiri kwenda Kannur kumwona bibi. Baba angebaki kazini. Mama alikuwa mkali wa mizigo. Alilipima sanduku kwa mizani ya mkono, akatoa vitu, akapanga upya: tende, shuka za shangazi, makopo ya maziwa ya unga, na blanketi nene ambalo bibi alikuwa akiliulizia kila akipiga simu.

"Basi, hapohapo," mama alisema akifuta jasho. "Hata sindano isiongezwe."

Aliposhuka dukani kununua kamba, mlango uligongwa. Alikuwa Anko Sajeev, mkononi ana kifurushi kilichozungushiwa utepe wa gundi pande zote.

"Bingwa, nisaidie. Ni dawa za magoti za mama yangu na shali moja. Kaka yangu atapita kwa bibi yako huko Kannur kukichukua."

"Lakini Anko, mama amesema sanduku limejaa."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwake," alicheka. "Akijua atakataa, na mama yangu hawezi hata kupanda ngazi. Usimwambie. Hii ni siri yetu sisi wachezaji."

Neeraja alikipokea. Palepale aligundua kuwa kilikuwa kizito mno kwa dawa na shali. Lakini alimfikiria yule mama mgonjwa, akafikiria pia aibu ya kumkatalia Anko Sajeev. Akakisukuma chini kabisa ya sanduku, akalitandaza blanketi juu yake, akavuta zipu.

Kesho yake, uwanja wa ndege ulifurika familia zinazokwenda likizo. Msichana wa kaunta alimtazama mama. "Mmefunga mizigo wenyewe? Hakuna mtu aliyewapa kitu mmbebee?"

"Hakuna," mama alijibu bila kusita. "Nimefunga kwa mikono yangu hii."

Neeraja aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake.

"Sanduku limezidi uzito, mama," msichana alisema. "Tena si kidogo."

"Haiwezekani! Mizani yenu hiyo inaumwa."

"Dada, sote huwa tunasema hivyohivyo," alidakia mzee mmoja nyuma yao aliyebeba katoni. "Mizani ya nyumbani ina huruma, hii ya hapa haina."

Watu kwenye foleni walicheka. Mama hakucheka. Baba, aliyekuwa amewasindikiza, alilivuta sanduku pembeni, na mama akapiga magoti sakafuni kulifungua mbele ya kila mtu. Alitoa tende. Wakapima, bado. Akatoa shuka. Bado. Mwishowe akalishika blanketi.

"Basi. Nitamwambia mama yangu sikupata."

Neeraja hakuweza tena kuvumilia. "Mama, usilitoe. Chini yake kuna kitu. Anko Sajeev alinipa nikifiche."

Mama aligeuka akamtazama kana kwamba hamjui.

Ofisa wa usalama aliitwa, akaukata ule utepe. Hapakuwa na dawa. Hapakuwa na shali. Zilikuwamo pawabenki tu, zile betri za kuchajia simu, zimepangwa kama matofali na kufunikwa kwa magazeti.

"Hizi haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini ya ndege," ofisa alisema. "Betri ikishika moto huko, nani ataiona? Mwenyewe ni nani?"

Baba alimpigia Anko Sajeev simu, akaweka sauti ya juu ili ofisa asikie.

"Kifurushi gani, kaka Pradeepan?" Anko Sajeev aliuliza. "Mimi sijampa mtoto kitu. Si unawajua watoto, huokota vitu wakachezea."

"Anko, ni mimi, Neeraja. Uliniambia ni dawa za mama yako!"

Kisha sauti ileile iliyokuwa ikimshangilia uani ikasema, "Kaka, huyo binti yako ni mwongo. Mrekebishe." Simu ikakatwa.

Neeraja hakulia. Alibaki akiitazama simu, akingoja ilie tena, Anko aseme alikuwa anatania. Haikulia.

Ofisa alikichukua kifurushi, akamtaka baba amlete mwenye mali siku hiyohiyo. Tende na shuka zilirudishwa, sanduku likapimwa, halikuzidi. Baba alimshika Neeraja begani. "Mimi najua nani amesema kweli," alimwambia.

Walipoketi kungojea ndege, mama alimgeukia Neeraja.

"Umeniacha niape mbele ya watu, na wewe unajua."

"Nisamehe, mama." Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Alikuwa rafiki yangu."

"Najua. Angekuwa mtu usiyempenda, ungemkatalia mlangoni. Yeye alijua unampenda, akautumia upendo wako kubebea mzigo wake." Mama alimfuta uso kwa ncha ya sari. "Sikiliza, mwanangu. Kumsaidia mtu ni jambo jema, lakini usibebe usichokiona ndani. Na mtu mzima mwenye shida ya kweli huja kwa mtu mzima mwenzake. Akikuambia 'usimwambie mama', hata kama kitu chenyewe ni pipi, njoo uniambie siku hiyohiyo. Nitagomba, nitapiga kelele, unanijua. Lakini nitakuwa upande wako."