Picha ya Tumbo la Mansur

Tangu amzike mkewe Nadhira, rafiki yangu Mansur wa Mishomoroni alikuwa akiumwa na tumbo na kushikwa na kichefuchefu kila siku, na hakuna dawa iliyomfaa. Jumatatu moja alikwenda kupigwa picha ya tumbo, akiwa amefunga bila hata kula daku. Chumba kilikuwa na giza, mashine ikinguruma taratibu. Binti aliyempima akasita.

“Mzee, mbona umekula?”

“Wallahi nimefunga, mwanangu. Naishi peke yangu; hata jiko sijaliwasha tangu msiba.”

“Basi tumbo hili limejazwa na nani?”

Hapo kichefuchefu kikampanda. Binti akamsogezea beseni, Mansur akatapika, kisha binti akawasha taa. Ndani ya beseni mlikuwa na mbaazi za nazi, zile alizokuwa akimpikia Nadhira kila asubuhi, nzima, bado zikifuka moshi.