Njoo Kidogo, Hapo Hapo

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mpiga picha wa safari, na asubuhi aliyoondoka alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota pesa. Alikuwa ameichukua lenzi ya marehemu baba yake, ile nzito ya chuma, ya kuzungusha kwa mkono, akaifunga kwa adapta, kile kiungo cha kuunganishia, kwenye kamera yake mpya. Dada yake alimsihi aiache kabatini angalau kaburi likauke. Akacheka. Dada ndiye aliyemuuguza mzee mpaka mwisho. Yeye alikuwa safarini, na hata mazikoni alifika watu wakikung'uta viatu.

Lenzi ya namna hiyo kamera haiitambui. Unazungusha pete yake mwenyewe, taratibu, na kwenye skrini mistari myekundu inazingira kile kinachoonekana wazi bila ukungu. Mzee, enzi za studio yake, aliizungusha kwa gumba lenye kovu la kisu cha kukatia picha, huku akimwita mteja kwa upole: "Njoo kidogo. Njoo. Hapo hapo." Maji hufuata mkondo. Mwanawe naye aliyasema hayo kila aliposhika pete, hata akipiga picha ya jiwe.

Mji wa kwanza alipiga daraja. Mistari myekundu ikalichora daraja, na kule mwisho kabisa ikachora mtu. Akainua macho. Daraja lilikuwa tupu. Akailaani adapta ya bei poa, akaendelea na safari.

Mji uliofuata mtu yule alikuwa katikati ya uwanja. Kisha kwenye ngazi za maktaba. Kila alipozungusha akinong'ona njoo kidogo, mtu alisogea. Siku zote alimpa mgongo. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, na bega lile alilijua. Mkanda wa kamera ndio ulioliinamisha miaka yote ile.

Mwenye akili zake angeifungua lenzi akaitupa. Yeye alitaka uso. Alikuwa na neno la kumwambia mzee, la kuomba radhi, na hakuwa na mahali pengine pa kulisemea. Akampigia dada yake.

"Baba aliniita?"

"Kila siku. Nikikupigia unasema unamalizia kazi."

"Ukawa unamwambia nini?"

"Kwamba uko njiani." Sauti yake ilishuka. "Akawa anatazama mlango. Amekufa anautazama."

Dada hakumlaumu. Laiti angemlaumu, isingeuma hivyo.

Kesho yake mchana, kwenye chumba cha hoteli, mapazia wazi, alikaa kitandani akiupa mlango mgongo. Akaielekeza kamera kwenye kiti kitupu kilichokuwa mbele yake. Akazungusha pete.

Mistari ikachora kiti. Ikachora mgongo. Ikachora bega.

"Njoo kidogo," alinong'ona. "Njoo, baba."

Bega likageuka.

Pete ikafika mwisho, ikagoma. Uso ukajaa skrini nzima, mistari myekundu kwenye kila kunyanzi. Harufu ya dawa za kusafishia picha ikajaa chumbani.

"Hapo hapo," alisema akilia. "Nimefika, baba. Ni mimi. Nisamehe."

Macho hayakutulia kwake. Yalimpita begani. Yalikuwa yanatazama mlango.

Akabonyeza.

Siku hizi hasafiri. Anashinda kwenye kiti cha mzee, sebuleni, uso umeelekea mlangoni, na dada anamlisha kwa kijiko kilekile alichomlishia baba yao. Maskini dada, ametoka kuuguza kaingia kuuguza. Ukimuuliza huyo kaka mtu anamngoja nani, anajibu polepole kwamba anamngoja yule ambaye mzee anamngoja.

Kwenye picha ile ya mwisho pana kiti kitupu, basi. Dada aliitazama, akazima kamera, akaifungua lenzi airudishe kabatini. Mchana ule jua lilikuwa kali, akaiona alama kwenye kioo. Ni alama ya gumba, na kovu limeikata katikati. Aliifuta kwa pindo la kanga mpaka mkono ukachoka.

Alama iko upande wa ndani.